Zulia Halikunjwi

Harufu ya nafthalini hunirudisha utotoni kabla sijaamua kama nataka kurudi. Wenzangu hukumbuka kwao kwa harufu ya iliki, au ya mvua ya kwanza kwenye vumbi. Mimi nikinusa vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo kabatini, ninakuwa na miaka minane tena, nimesimama mlangoni mwa sebule yetu Granville, Australia, na begi la shule mgongoni, namtazama mama yangu kama anapumua.

Mwezi uliopita niliinusa tena, nyumbani kwa Teyze, siku ya maziko yake. Mwanawe, Kemal, alikuwa amesafiri usiku kucha kutoka Melbourne, na asubuhi akanipigia simu. "Mama aliacha maagizo," alisema. "Kuna zulia la kufunika jeneza lake. Alisema wewe utalitambua." Nilimjibu kwamba nakuja, kisha nikakaa kitandani muda mrefu na kiatu kimoja mkononi. Zulia la jeneza la Teyze nilikuwa nalijua sana. Nilijua pia kwamba halimo kabatini, kwamba halijakuwemo kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwamba aliyelipoteza ni mimi.

Teyze si jina. Kwa Kituruki ni mama mdogo, na ndivyo alivyotaka kuitwa na kila mtoto wa mtaa. Jina lake lilikuwa Emine. Mama yangu alimwita Bi Emine. Alikuwa mjane, mnene, mkali, mpenzi wa tamthilia za televisheni na mbegu za alizeti. Aliishi kwenye kijumba cha mbao kilichopakana na fleti zetu. Baba alikuwa ghalani Wetherill Park akipanga maboksi kwa shifti, Mama alikuwa Seven Hills akihudumia vikongwe katika nyumba ya wazee, basi kati ya kengele ya shule na magharibi mimi nilikuwa mtoto wa Teyze. Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza na Kiswahili hakukijua hata salamu, kwa hiyo maneno yake hapa nayaweka kwa Kiswahili changu. Yanakosa tu lile kofi alilojipiga pajani kila alipotaka ujue kwamba amemaliza kusema.

Nyumbani kwake sakafu huioni. Palikuwa na zulia sebuleni, zulia ukumbini, zulia limetundikwa ukutani, jingine limefunika kochi, na hata mfuko wa mikate ulikuwa umeshonwa kwa kipande cha zulia lililochakaa. Nilikuwa nimezoea mikeka ya kwetu Tanga, kwa hiyo kukaa chini hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba zulia moja lilifanya kazi zote. Alitandika kitambaa juu yake tukala. Akakitoa, akasali. Akishatoa salamu hakuinuka, alinyoosha miguu hapo hapo akachambua dengu. Mimi niliandikia masomo yangu hapo, nimelala kifudifudi, nikifuatisha maua kwa kidole pale hesabu ziliponishinda.

Siku moja nilimwaga bilauri nzima ya juisi ya cheri kwenye lile zulia la sebuleni, tena pembeni, palipofumwa kwa sufu nyeupe. Nilikimbia nikajibanza nyuma ya mlango kusubiri kofi. Teyze alikuja na taulo na maji baridi, akabonyeza, akasugua, akanung'unika kwa Kituruki, na doa likabaki, waridi, la umbo la sikio. "Toka huko," akaniambia. "Zulia ambalo halijamwagikiwa kitu ni la dukani." Akapiga paja, na mambo yakaishia hapo.

Kutengeneza mazulia ndiyo ilikuwa kazi yake. Watu walimletea yaliyotafunwa na mbwa, yaliyotobolewa na sigara, yaliyooza kwa maji ya bomba lililopasuka. Alikaa dirishani kwenye mwanga, akachagua uzi kwa uzi mpaka rangi ikubaliane na ya jirani yake, akafunga fundo, akakata, akafunga fundo. Wakati wa kazi hakutaka maswali. Viatu viliachwa nje, matamvua hayakukanyagwa, na kosa ambalo hakuwa na msamaha nalo lilikuwa kulikunja zulia. Mteja akija nalo limekunjwa mara nne kwenye buti ya gari, alimfokea barazani, majirani wakisikia. "Zulia halikunjwi! Linaviringishwa! Mgongo wake ukivunjika, mimi siwezi kuurudisha." Mimi nilijifunza kuviringisha mazulia kabla sijajua kufunga kamba za viatu vyangu vizuri.

Zulia la safari ya mwisho nilionyeshwa asubuhi moja ya Jumamosi. Aliniita chumbani nimsaidie kubadilisha nafthalini, akatoa kutoka nyuma ya makoti kitu kirefu kilichofungwa kwenye shuka jeupe. Harufu ilinipiga puani mpaka nikapiga chafya. Alilifungua kitandani taratibu. Lilikuwa dogo, kiasi cha mswala mpana kidogo, jekundu lililoiva, na katikati lilikuwa na umbo la mihrabu, upinde uliochongoka juu, na ndani ya upinde ule rangi ya bluu nzito isiyo na ua hata moja. Nilipoitazama ile bluu niliona kama inaingia ndani.

"Nini hii?" niliuliza, nikionyesha upinde.

"Mlango," alisema.

"Wa kwenda wapi?"

"Kwa Mungu, kizim. Wapi tena?" Kizim kwa Kituruki maana yake binti yangu.

Akanieleza huku akipulizia vumbi. Alilifuma na mama yake kipupwe kimoja kijijini kwao, kabla hajaolewa, wawili wamekaa bega kwa bega kwenye kitanda cha kufumia. Kwao mtu akifa, jeneza lake hufunikwa zulia, akabebwa nalo mpaka msikitini. Yeye huenda kaburini, zulia hubaki msikitini likatandikwa. La mama yake bado lilikuwa kwenye msikiti wa kijiji, watu wakimsujudia Mungu juu yake kila siku. "Na hili la kwangu," alisema. "Litanifunika mimi. Kisha watu watasali juu yake, na kila atakayesujudu, huku chini mimi nitapata fungu langu." Aliyasema hayo kwa furaha, kama mtu anayekuonyesha nguo aliyoiweka kwa ajili ya Idi.

Yeye alisema thawabu. Mimi nilisikia jambo jingine kabisa. Nilisikia kwamba kuna zulia lenye mlango, limejificha nyuma ya makoti, linamsubiri mtu alale juu yake.

Msinicheke. Nilikuwa na ushahidi wangu. Bibi yangu alifariki Tanga nikiwa na miaka mitano, miezi michache kabla hatujahama, na nilichokiona siku ile nilikuja nacho Australia kikiwa kizima. Makochi yalitolewa uani. Sebuleni pakatandikwa mikeka na majamvi. Wanawake wakaja na mitandio yao, wakakaa chini, wakasoma Yasini. Kwa upenyo wa mlango nikamwona Bibi chumbani, chini, amefunikwa kanga mpaka usoni. Nilipouliza, mtu mzima mmoja alinigeuza mabega akanisukuma nje. "Nenda kacheze, mwanangu." Hakuna aliyenieleza neno zaidi ya hilo, si siku ile wala baadaye. Kwetu mtoto haambiwi. Tunadhani tunamkinga, kumbe tunamwachia ajitungie, na mtoto akijitungia hutunga kubaya. Mimi nilijitungia hivi: vyombo vikitolewa, kitu kikatandikwa chini, wanawake wakasoma, basi aliyelala chini haamki.

Kisha Mama akaanza kushika tumbo.

Alilishika akipika, alilishika akishuka ngazi, na nikiingia jikoni aliliachia haraka kana kwamba nimemfuma anaiba. Yeye na Baba walizungumza chumbani kwa sauti za chini. Siku moja alikuja kunichukua Baba badala ya Teyze, jambo ambalo halijawahi kutokea, na njiani akaniambia Mama amelazwa hospitali kidogo.

"Is she sick?" niliuliza. Kiswahili nilikisikia chote, lakini siku zile mdomo wangu ulijibu kwa Kiingereza.

"Mama yako yuko fine. Wanamcheki tu."

"Checking for what?"

"Mambo ya wakubwa. Kula chipsi zako."

Sasa, Mama mwenyewe alikuwa na shangazi yake Tanga aliyeficha kisukari mpaka akakatwa mguu, na kila alipomsema kwenye simu alimalizia na methali ile ile: mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilikuwa nimeisikia mara nyingi kuliko nyimbo za shuleni. Usiku ule nililala nikiwa nimeikumbatia. Mama anaficha maradhi. Iliyobaki kwenye methali nilikuwa naijua.

Leo najua ulikuwa uvimbe kwenye kizazi, na kwamba ulitolewa, ukapimwa, ukaonekana si kitu kibaya. Maneno hayo hayazidi kumi na tano. Wangeweza kunipa hata nusu yake siku ile kwenye gari, pamoja na chipsi.

Mama alirudi baada ya siku nne, amekonda, anatembea ameinama. Jumamosi Baba alinichukua kwenda kununua mikate. Tuliporudi niliona kochi letu limetolewa kwenye korido ya fleti, limesimamishwa wima. Meza ndogo nayo ilikuwa nje. Nikaingia. Sebuleni pametandikwa, na wanawake wamekaa chini kando ya kuta, Watanzania wenzetu na rafiki wawili wa Teyze, vichwa vimefunikwa, midomo inatembea. Yasini niliitambua kwa aya ya kwanza. Na katikati ya chumba, peke yake, juu ya zulia jekundu nililolijua, alikuwa amejilaza mama yangu, kichwa juu ya mto. Kichwa chake kilikuwa chini kabisa ya ule upinde. Bluu ilikuwa imemzunguka mabega.

Mikate ilinianguka. Mama aliniona, akatabasamu, akapiga pale kando yake. "Njoo, Zuu. Njoo ukae na mimi."

Sikwenda. Nilihesabu hatua kutoka nilipo mpaka ncha ya zulia na nikaona kwamba nikilikanyaga nitateleza niingie mlango ule nami. Teyze, aliyekuwa amekaa nyuma ya Mama na mkono begani mwake, alinipungia. "Kizim, njoo." Nilimtazama kwa chuki ambayo sijawahi kumtazama nayo mtu tena. Alimpenda mama yangu, nilijua, lakini alikuwa amemkabidhi zulia lake. Amempa zamu yake. Baba akaokota mikate, akanigeuza mabega kwa upole. "Watu wanasoma dua. Nenda kacheze, mwanangu."

Nilikwenda nikakaa kwenye ngazi za zege.

Lile zulia lilibaki kwetu. Sakafu yetu ilikuwa ya vigae, kipupwe kile kilikuwa kikali, na Teyze alisisitiza Mama alitumie mpaka apone. Kila asubuhi nilipita nalo pembeni, nimebana mgongo kwenye ukuta. Shuleni sikusikia kitu. Mwalimu aliniuliza kama nyumbani kuko salama, nikasema ndiyo.

Jumanne Teyze alinirudisha mpaka chini ya fleti, maana magoti yake hayakupenda ngazi, akanikabidhi chupa ya supu nipeleke juu. Baba alikuwa kazini. Nilifungua mlango kwa ufunguo wangu. Jua la alasiri lilikuwa limeingia kwa dirisha kubwa, limelala sawasawa juu ya zulia, na juu ya zulia alikuwa amelala Mama, chali, amefunikwa kanga kutoka miguuni mpaka usoni.

Sikupiga kelele. Ningependa kusema nilikimbia kumkumbatia, lakini niliganda pale mlangoni na chupa ya supu ikiniunguza kifua, nikaitazama ile kanga. Nilitafuta mahali pa kuinuka na kushuka. Ilikuwa na maua makubwa meusi, na kila ua nililolishika kwa macho lilikaa tuli. Friji ikazima mlio wake. Nilitaka kumwita nikaogopa, kwa sababu nikimwita na asiitike, basi itakuwa kweli. Kuna jambo lilinitoka pale mlangoni ambalo halijarudi. Mpaka leo siwezi kumwona mtu ninayempenda amelala bila kusimama kidogo kutazama kifua.

Kisha Mama akakohoa. Akavuta kanga usoni, macho yamesinzia. "Umerudi? Hili jua lilikuwa linanichoma macho." Akajiinua kidogo kidogo, mkono tumboni, akaenda chumbani kwake. "Weka supu jikoni. Nalala kidogo, mwanangu, nimechoka."

Nikabaki na zulia. Tukatazamana.

Wiki ile kaunsili, halmashauri ya mji, ilikuwa inakusanya vitu vikubwa vya kutupa mtaani kwetu. Watu walikuwa wameshusha magodoro, viti vilivyovunjika, mashine za kufulia, wakavirundika kwenye majani mbele ya nyumba. Nilizijua kanuni. Ukiweka kitu pale, atapita mtu mwenye gari akichukue akikitaka, kisichotakiwa kinabebwa na lori, na kwa vyovyote hakirudi. Meza yetu ya televisheni Baba aliitoa kwenye rundo kama lile, na hakuna aliyekuja kuidai.

Nilivua viatu. Hata katika hofu ile nilivua viatu, na nilipiga magoti nikaliviringisha zulia kama nilivyofundishwa, kuanzia kwenye matamvua, nikikaza. Nililikumbatia nikashindwa kulibeba. Nikaliburuta. Kwenye ngazi liliteremka kwa vishindo, na kwa kila kishindo nilisimama kusikiliza kama Mama ameamka. Nililifikisha kwenye majani nikaliegemeza kwenye godoro la watu, nikapanda ngazi mbio na soksi zilizolowa, nikasimama dirishani.

Haikuchukua muda. Yuti nyeupe, yaani pikapu, ilipita, ikasimama, ikarudi kinyumenyume. Mwanamume mmoja aliyevaa kofia alishuka, akachukua kiti cha plastiki, akalipiga godoro teke. Halafu akaliona zulia. Alilifungua pale kwenye majani, akatazama huku na huku. Akalikunja mara mbili, akalikunja tena mara mbili, kama blanketi la farasi, akalitupa nyuma, akaweka kiti juu yake na kufunga kamba.

Yuti ilipokata kona nilijihisi mwepesi. Jioni ile Mama alitoka chumbani akaomba chai na mkate, mara ya kwanza kuomba chakula tangu arudi. Alitazama sakafu. "Bi Emine amelichukua zulia lake?" Nikatikisa kichwa kukubali. Alikula vipande viwili. Nilimtazama akitafuna na nikajua nimemwokoa mimi. Niseme kweli, kuna sehemu yangu ambayo haijawahi kuacha kuamini hivyo.

Kesho yake asubuhi, njiani kwenda shule, tulikuta lori la kaunsili. Godoro lile liliinuliwa, likamezwa, likapondwa. Teyze alikuwa amenishika mkono, analalamika kuhusu kelele. Ndipo hofu ya pili iliponishika, mbaya kuliko ya kwanza, kwa sababu hii ilikuwa ya kujitakia. Siku yake ikifika, atafunikwa na nini? Watu watasujudu juu ya nini? Nilikuwa nimemfungia Mama mlango nikamwacha Teyze asiye na mlango kabisa. Mkono wake ulikuwa wa moto na mkavu, wenye sugu za sindano, na niliona aibu kuushika.

Alasiri alisema magoti yake leo yana nafuu, atapanda mwenyewe kumwona mgonjwa. Nilimfuata ngazi kwa ngazi. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi, lililokuwa limerudishwa. Teyze alisimama katikati ya sebule, akatazama vigae vitupu. Akatazama nyuma ya mlango.

"Bora ulihamishe chumbani," alimwambia Mama. "Usiku kuna baridi."

"Nini hicho, Bi Emine?"

"Zulia."

"Si ulilichukua jana? Zuu aliniambia."

Wote wawili walinigeukia. Nilihisi kitu cha moto kikiteremka kwenye soksi, na nilipotazama chini nilikuwa nimejikojolea, mimi msichana wa darasa la tatu. Kisha maneno yakatoka yote kwa pamoja, kwa Kiingereza, kwa kilio, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi, kwa Kiswahili. "Sikutaka Mama afe! Mlitoa makochi! Mlisoma Yasini! Mlimlaza kwenye zulia la kufa!"

Mkono wa Mama ulikuwa umeshashuka kutafuta kandambili, kwa mazoea tu, ukaishia njiani. "Ya Rabi," alisema. "Mtoto wangu." Akaanza kulia, ameshika mshono, maana kulia kulimuuma.

Teyze hakuwa ameelewa Kiswahili. Mama alimfasiria, sentensi kwa sentensi, na mimi nikasimama kwenye mkojo wangu nikitazama uso wake. Ulipoteza rangi. Alikaa chini, pale pale kwenye vigae, yeye na magoti yake.

"Nilitaka aliye hai akae juu yake kwanza," alisema hatimaye. Hakuwa akituambia sisi. "Lilikuwa halijawahi kukaliwa na mtu. Miaka yote hiyo, kabatini. Nilisema, liombewe mtu apone, kabla halijaja kunibeba mimi."

Kisha akanitazama. "Nani alilichukua?"

"Mtu. Ana yuti nyeupe."

"Ulimwona akilichukua?"

"Ndiyo."

"Alilikunja?" aliuliza. "Au aliliviringisha?"

Nilimwona yule mwanamume waziwazi, mara mbili na tena mara mbili, na kiti juu yake. Macho ya Teyze yalikuwa yananing'ang'ania. Sijawahi kuogopa jibu kama nilivyoogopa lile.

"Aliliviringisha," nilisema.

Teyze alivuta pumzi ndefu. "Basi ni mtu anayejua," alisema. "Huyo atalitunza. Litapata watu wa kusali." Akapiga paja, taratibu.

Baba alizunguka na gari kwa jioni mbili, Granville yote na mitaa ya jirani, akichungulia mabaraza ya watu, akabandika karatasi kwenye maduka. Hakupata kitu, na hakunigombeza. Alikaa tu pembeni ya kitanda changu akanieleza habari ya uvimbe kwa maneno machache, akiangalia ukuta, na tangu siku ile nyumbani kwetu hakuna ugonjwa uliofichwa tena. Teyze hakuja kwa wiki nzima. Nilijua ameniacha. Jumatano iliyofuata nilitoka darasani nikamkuta getini na mfuko wake wa alizeti, akanitazama miguuni. "Kamba za viatu," alisema kwa ukali. "Utaanguka uvunje meno, kisha mama yako anilaumu mimi." Hatukulizungumzia zulia lile tena, si nikiwa sekondari, si nikiwa chuo, si nilipokuwa nikimpeleka kliniki na kumsomea lebo za dawa. Kila mwaka nilisema nitamwambia ukweli, na kila mwaka nikaogopa. Majuto ni mjukuu, na wangu alikuwa ameshakua mtu mzima.

Basi hapo ndipo nilipokuwa mwezi uliopita, mbele ya kabati lake, na Kemal nyuma yangu anasubiri. Nilisogeza makoti nikijiandaa kumwambia mtu aliyefiwa kwamba hakuna kitu. Nyuma ya makoti palikuwa na kitu kirefu, kimefungwa kwenye shuka jeupe. Nafthalini ikanikaba.

Tulikilaza kitandani. Nilifungua shuka, nikafunua mzunguko mmoja tu, na nikakaa chini. Lilikuwa zulia la sebuleni, lile lililokuwa likikanyagwa kila siku, ambalo nilidhani aliliondoa kwa uchakavu. Pembeni, kwenye sufu nyeupe, palikuwa na doa la waridi la umbo la sikio.

"Hili ndilo?" Kemal aliuliza, kwa mashaka. "Ni la kawaida tu. Tulikuwa tukila chakula juu yake. Mama aliwahi kusema kuna jingine, walilofuma na Bibi."

Hakumwambia. Miaka yote ile Teyze hakumwambia hata mwanawe nilichokifanya. "Ndilo," nilisema. "Nalitambua."

Kemal alipangusa macho, akasema gari ni dogo, wanatusubiri msikitini, akashika ncha mbili za zulia na kuanza kuzikutanisha.

"Zulia halikunjwi!" nilifoka, na nikashtuka kusikia nimejipiga kofi pajani.

Aliliachia, akaniangalia kidogo, kisha akaenda nje kulaza viti vya nyuma. Nilipiga magoti nikaliviringisha, kuanzia kwenye matamvua, nikikaza. Nilipofika kwenye doa nikainama karibu.

"Yule mtu alilikunja, Teyze," nilisema. "Mara mbili, na tena mara mbili. Akaweka kiti juu yake."

Nilisubiri pale chini, mabega yamepanda, kama siku ile ya juisi nyuma ya mlango. Nje Kemal alipiga honi. Nikamaliza mzunguko wa mwisho, nikalibeba begani, nikashuka nalo ngazi za baraza taratibu, lisiguse chini.